Damu ya Kuku na Damu ya Mtu



Katika nyumba nyingi za Shinyanga na Geita, mgeni afikapo jioni, mtoto hutumwa kumkamata kuku. Ng'ombe ni mali na heshima ya Msukuma, wala hachinjwi ovyo. Kuku ndiye kitoweo cha ukarimu. Ndiye auzwaye gulioni daftari la mtoto linapokosekana. Na mchuzi wake ndio anaopewa mama aliyejifungua. Ndege huyu mdogo amebeba mizigo mingi ya nyumba, na yampasa mwenye nyumba kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyemuumba.

Lakini kuku huyo huyo, katika nchi ile ile, amepewa na watu kazi nyingine. Tangu zamani waganga wa Usukumani, waitwao bafumu, wamekuwa wakipiga ramli kwa kuku. Mtu aliyepatwa na ugonjwa au msiba huleta ndege wake, ndege hupasuliwa, na mganga huchungulia viungo vyake kisha husema balaa imetoka wapi. Laiti angesema tu kwamba imetoka kwa mizimu, hasara ingekuwa ya imani peke yake. Mara nyingi ameelekeza kidole kwa mtu aliye hai: jirani, mke wa baba, au bibi kizee akaaye peke yake ukingoni mwa kijiji.

Matokeo yake tunayajua sote. Katika miaka ya 1970 na 1980 maelfu ya watu waliouawa kwa kudhaniwa wachawi walihesabiwa Tanzania Bara, sehemu kubwa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Macho yao mekundu yalifanywa ushahidi. Mwenye akili na ajiulize: ni nani katika nchi yetu ambaye amepika kwa kuni na samadi kavu miaka hamsini ndani ya jiko lisilo na dirisha, na macho yake yasiwe mekundu? Moshi wa kutulisha sisi ndio uliowachoma macho mama zetu, nasi tukageuka tukawaua kwa sababu ya macho hayo!

Leo serikali huyaita mambo hayo ramli chonganishi, nalo ni jina linalofaa. Lakini wewe ndugu uliyeingia katika Islamu karibuni, au ambaye bado unaichunguza, yakupasa kujua kwamba dini hii imelikata jambo hilo kutoka kwenye mzizi, na imelikata mahali ambapo huenda hukutazamia, yaani katika hukumu za nyama.

Mwanzoni mwa Sura Al-Maida, Kurani Tukufu inataja vilivyoharimishwa: mzoga, damu, nyama ya nguruwe, kilichotajiwa jina lisilokuwa la Mungu, kilichokufa kwa kunyongwa, kwa kupigwa, kwa kuanguka, kwa kupigwa pembe, kilicholiwa na mnyama mkali isipokuwa kikiwahiwa kuchinjwa, na kilichochinjwa penye masanamu. Kisha katika aya ile ile, pasipo kuanza jambo jipya, inakataza kutafuta bahati kwa mishale ya kupigia ramli, waliyoitumia Waarabu wa zamani. Kwa nini nyama na ramli vimewekwa pamoja? Kwa sababu mkono unaokosea katika kimoja hukosea katika kingine. Mtu akisahau kwamba mnyama ni amana ya Mungu, atamfanya chombo cha kutafutia siri; na akiisha kumfanya mnyama chombo, hatakawia kumfanya hivyo na binadamu.

Wala usidhani kwamba nasema haya kwa kuzidisha. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wanajua jinsi kafara inavyofanywa machimboni. Duara likikauka, yaani watu wakichimba mwezi mzima wasione kitu, huchangishana fedha, kuku au mbuzi hununuliwa, mganga huitwa, na damu humwagwa mdomoni mwa shimo. Tunaelewa kwa nini kijana anafikia hapo. Ametoka kwao, ameacha mke, ana deni la chakula na la magogo ya kuzuilia mwamba, na kila ashukapo hajui kama atapanda. Mwenye hofu kama hiyo hutafuta pa kushika. Lakini dhahabu imo ndani ya mwamba tangu zama ambazo hapakuwa na kuku wala mganga duniani. Haisogei kwa damu, wala haisikii jina la mtu. Na shimo likiangukia watu, halijali kama mdomoni mwake palichinjwa ndege mweusi au mweupe. Linalomwokoa mchimbaji ni nguzo imara, hewa ya kutosha, na kutoshuka mvua inaponyesha, pamoja na dua kwa Mwenye kuiumba ardhi.

Na wengine hawakuishia kwenye kuku. Kuanzia mwaka 2007 nchi yetu ilishtushwa na mauaji ya watu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Ziwa na Shinyanga, kwa sababu waganga waliwaambia wateja wao kwamba viungo vya binadamu hao huleta utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto wa miaka 14. Yule aliyezoea kuamini kwamba damu ya ndege huleta dhahabu alikuwa amekwisha kuikubali hoja yenyewe. Kilichobaki ni bei tu. Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kwamba amwendeaye mpiga ramli na kumwuliza jambo, sala yake haikubaliwi kwa siku arubaini. Mtu akiziona damu hizi zilizomwagika, hatasema tena kwamba adhabu hiyo ni kali mno.

Sasa, msomaji, tusimame hapa tujihesabu sisi wenyewe, kwani haifai kumnyooshea kidole mpiga ramli tu na kujisahau. Februari 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi ulizuka kati ya Waislamu na Wakristo juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa, na katika ugomvi huo mchungaji mmoja wa Kikristo aliuawa. Itazameni aibu hii! Hukumu ya kuchinja iliwekwa ili mnyama asiteswe na ili binadamu akumbuke kwamba uhai si wake. Je, mtu aweza kuilinda hukumu hiyo kwa kumwua mtu? Hasha! Kurani Tukufu imeruhusu chakula cha watu waliopewa Kitabu, imekataza shuruti katika dini, na imefundisha kwamba kuua nafsi moja pasipo haki ni kama kuua watu wote. Mwislamu ambaye hataki nyama ya bucha la jirani yake, njia yake ni nyepesi: achinje kwake nyumbani, ale kwa amani, amwache jirani naye ale kwa amani.

Na hapo ndipo ninapotaka kukupeleka, ndugu msomaji. Banda dogo la kuku na sungura nyuma ya nyumba linaweza kuwa jibu la mambo yote haya. Mwenye banda lake hamtegemei mganga ampe bahati, hagombani juu ya bucha, wala watoto wake hawalali bila kitoweo duara linapokauka. Basi nitaeleza kwa ufupi.

Kwanza, kuku. Kuku wa kienyeji hulalia mayai siku 21, naye hujitafutia sehemu kubwa ya chakula chake. Adui yake mkubwa ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu huweza kuwamaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Na kwa kuwa huja ghafula, ukaua banda la huyu na kumwacha yule aliyechanja, mwenye hasara huanza kumtazama jirani yake kwa jicho baya. Ni mara ngapi husuda imedhaniwa palipokuwa na virusi! Dawa ya kuutibu hakuna, lakini chanjo ipo. Kuku mzima hutiwa tone moja jichoni, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne kama aelekezavyo bwana mifugo. Gharama ya kuwachanja kuku kumi haifiki bei ya kuku mmoja anayepelekwa kwa mpiga ramli. Kuchanja hakupingani na kumtegemea Mungu. Mtume s.a.w. alimfundisha bedui amfunge kwanza ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu. Na mwenye kuku amchanje kwanza, ndipo aombe.

Pili, sungura. Hapa watafutao ukweli huuliza: Je, sungura ni halali? Jibu ni kwamba katika vitabu vya Bukhari na Muslim imesimuliwa na Anas r.a. jinsi walivyomfukuza sungura mahali paitwapo Marr al-Dhahran, karibu na Makka. Wengine walichoka, yeye akamkamata, akampeleka kwa Abu Talha aliyemchinja, na mapaja yake yakapelekwa kwa Mtume s.a.w., naye akayapokea. Kwa hiyo wanazuoni wengi wa Islamu wamemhesabu kuwa halali, ingawa ndugu wa madhehebu ya Kishia hawamli. Katika Taurati, vitabu vya Walawi na Kumbukumbu la Torati vinamtaja miongoni mwa wanyama wasioliwa, na kwa sababu hiyo majirani zetu Wasabato humwepuka. Kurani Tukufu inaeleza kwamba baadhi ya vilivyokatazwa kwa Wana wa Israeli havikukatazwa kwa watu wote, na kwamba Nabii Isa a.s. mwenyewe alikuja kuhalalisha baadhi yake. Basi wewe kula kwa shukrani. Lakini ukimwalika Msabato nyumbani kwako, mpikie kuku au dagaa. Heshima ya mgeni nayo ni ibada.

Sungura hubeba mimba kwa muda wa siku 30 hivi. Karibu na kuzaa, jike hujinyonyoa manyoya ya tumbo lake ayatandike kitandani mwa watoto. Mpe sanduku na nyasi kavu. Watoto huzaliwa uchi na vipofu, na macho yao hufunguka baada ya siku 10 hivi. Usishangae ukimwona mama hakai nao. Yeye hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, kwa dakika chache, kisha huondoka. Wengi hudhani amewatupa, wakawashikashika hata wakafa. Wapatapo majuma sita watenge na mama yao. Umtakapo jike apandwe, mpeleke yeye kwenye kizimba cha dume, usimpeleke dume kwake, maana atamfukuza na kumwuma.

Kizimba kiinuliwe kutoka ardhini, sakafu yake ipitishe kinyesi, kiwekwe kivulini. Jua la Shinyanga humwua sungura upesi kuliko njaa. Majani mabichi yanyaushwe kwanza, yasiwe na umande, na maji safi yasikosekane. Wakati wa kiangazi ndipo wengi hushindwa, lakini Wasukuma wana hekima yao ya zamani kwa jambo hilo, yaani ngitili, sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili ilishwe wakati wa ukame. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulizifufua ngitili katika nchi iliyokuwa imekuwa jangwa. Mwenye sungura naye ajifungie ngitili yake ndogo, akate nyasi na kuzikausha kivulini mvua ingali inanyesha. Nabii Yusufu a.s. aliiokoa Misri kwa njia iyo hiyo.

Tatu, usafi wa chakula. Kurani Tukufu haikutuamuru kula kilicho halali tu, bali kilicho halali na kizuri. Mtume s.a.w. alikataza kula mnyama alaye uchafu mpaka atakaswe, na imepokewa kwamba Ibn Umar r.a. alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu, akimlisha chakula safi, kabla hajamla. Lifikirieni jambo hili, ninyi mkaao karibu na mialo ya kuoshea dhahabu. Mchimbaji huchanganya zebaki na unga wa mawe ili ishike dhahabu, kisha huchoma donge lake. Mvuke wake hauonekani, na huingia mapafuni. Zebaki huharibu mishipa ya fahamu, na hudhuru zaidi mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Kuku achakuraye kwenye marudio na kunywa maji ya mwalo humeza alichokikuta, na sumu ya namna hiyo haiondoki kwa kufungiwa siku tatu kama uondokavyo uchafu wa kawaida. Kwa hiyo wafungie kuku wako mbali na mwalo. Usichome dhahabu jikoni wala uani. Na karai lililoshika zebaki lisiguse tena chakula cha mtu wala cha mfugo. Haitakuwa na maana kusema Bismillahi juu ya nyama uliyoitia sumu kwa mkono wako mwenyewe.

Nne, kuchinja. Mtume s.a.w. alifundisha kwamba Mungu ameamuru wema katika kila jambo, hata katika kuchinja; kwamba kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Alikataza kisu kunolewa mbele ya mnyama. Ibn Umar r.a. aliwakuta vijana wamemfunga kuku wakimlenga mishale, akawaambia kwamba Mtume s.a.w. amemlaani afanyaye hivyo. Basi usimbebe kuku kichwa chini njia nzima kutoka gulioni, wala usimchinje mmoja mwenzake akitazama. Mshike kwa utulivu, sema Bismillahi Allahu Akbar, ukate koo, umio na mishipa ya damu kwa mkato wa haraka, kisha ungoje mpaka uhai utoke kabisa. Yuko mtu ambaye hutia kuku katika maji ya moto angali anapapatika. Huyo amechinja kwa jina la Mwenye Rehema pasipo rehema.

Sungura wengi huuawa kwa kuvunjwa shingo au kupigwa kisogoni. Kwa Mwislamu hiyo siyo njia, kwani mnyama akifa kwa kupigwa ni mzoga. Mchinje kama umchinjavyo kuku. Kisha mtundike kwa miguu ya nyuma, kata ngozi kuzunguka vifundo, uivute kuelekea chini kama umvuavyo mtoto shati. Kuku naye mwagie maji ya moto yasiyochemka sana, ndipo umnyonyoe. Pasua kwa uangalifu usipasue nyongo, toa matumbo mara moja, uyafukie mbali na kisima. Nawa mikono kwa sabuni. Samadi ya mabanda yote mawili ipeleke kwenye bustani ya mboga.

Na hapo utakapofungua tumbo, tazama ini. Ndiyo, tazama! Ini la sungura likiwa na madoa meupe yaliyotapakaa, jua kwamba alikuwa na ugonjwa uenezwao kwa kinyesi. Litupe ini hilo, usafishe vizimba, umwone bwana mifugo kwa ajili ya waliobaki. Hivi ndivyo Mungu alivyojaalia mnyama atufundishe kitu kwa viungo vyake. Ini la sungura litakuambia ugonjwa wa sungura. Halitakuambia jina la mchawi, kwa kuwa halilijui. Na akuambiaye kwamba amelisoma humo, amelitoa moyoni mwake mwenyewe.

Sasa nazungumza nawe uliyesilimu karibuni. Yawezekana kwamba siku moja mtoto wa ukoo wenu ataugua, na wazee watakaa kikao, na kila nyumba itatakiwa kutoa kuku wa kupeleka kwa mfumu. Watakuambia: Wewe umetuacha, umekuwa mtu wa msikitini, mtoto akifa itakuwa juu yako. Ni saa ngumu, nami siifanyi nyepesi. Usiwatukane wazee, wala usiondoke kwa hasira. Waambie: Wazazi wangu, kuku nitamtoa, tena si mmoja. Huyu nitamwuza, fedha zake zimpeleke mtoto hospitali leo hii. Na huyu nitamchinja kwa jina la Mungu, mama yake mtoto apate mchuzi akimwuguza. Lakini kuku wa kuulizwa jina la mtu, huyo sina. Huenda watakasirika. Lakini watakumbuka kwamba hukukimbia msiba wao, na kwamba mkono wako haukuwa mtupu.

Kurani Tukufu inafundisha kwamba nyama na damu za wanyama hazimfikii Mungu. Kinachomfikia ni uchaji wetu. Basi damu ya kuku wako haina pa kwenda ila ardhini. Nyama yake ndiyo yenye safari. Mtume s.a.w. alimwusia Abu Dharr r.a. kwamba apikapo mchuzi auongeze maji, awakumbuke majirani zake. Fanya hivyo. Na utakapojaza bakuli la kwanza, usianze na rafiki yako mwenye duka. Mtume mtoto wako alipeleke kwa yule bibi akaaye peke yake ukingoni mwa kijiji, yule ambaye watoto wameambiwa wasipite mlangoni pake. Bora zaidi nenda naye mwenyewe, mchana, watu wakiona. Mwamkie kwa heshima, keti kidogo, umwulize habari za macho yake. Kijiji kikiwaona Waislamu wanaingia na kutoka katika nyumba ile, kitaogopa kuisemea mabaya.

Mwenyezi Mungu atusafishie riziki zetu, atuondolee hofu iwatumikishayo watu kwa waganga, na awalinde wazee wetu na watoto wetu wote. Amin.